Koramini ya Shangazi

Nina stashahada ya famasia, na naitaja mapema kwa sababu hakuna mjomba aliyenishika mkono kuipata. Nilianza kwa kuuza karanga kwenye madirisha ya treni pale stesheni ya Tabora. Nikafika chuo Dar es Salaam, nikafika Maskati, nikasimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa ambamo watu wenye vyeti vikubwa kuliko changu walikuwa wakiniuliza mimi kabla ya kumpa mgonjwa dozi. Leo nina duka langu mwenyewe hapa hapa Tabora, lenye milango ya vioo na kiyoyozi, na cheti changu kimetundikwa mahali ambapo anayeingia hukiona kabla hajaniona mimi. Sioni haya kuyasema. Nayasema ili ijulikane kwamba ninapoandika juu ya koramini, siandiki kama mtu aliyeokota habari kijiweni.

Koramini ni jina la zamani la dawa ya kuchangamsha pumzi. Ilitumika hospitalini enzi ambazo huku kwetu mashine za kupumulia zilikuwa hadithi. Mgonjwa akishaanza kuvuta pumzi zinazoachana, pua imechongoka na macho yameingia ndani, daktari aliagiza achomwe koramini. Kifua kiliinuka. Uso ulipata damu. Mara nyingine macho yalifunguka na mtu akamtambua mkewe, akauliza kama mbuzi wamefungwa. Lakini haikuwa tiba. Ilimkurupusha tu mtu aliyechoka, na ikizidi ilimtia degedege, ndiyo maana ikaachwa. Chuoni mwalimu wetu aliipitia kwa sentensi moja, akageuza ukurasa. Siku hizi ukikutana na dawa yenyewe, kwa jina lake la kikemia, utaikuta kati ya vitu ambavyo wanariadha wamekatazwa kutumia. Hilo jina la koramini limebaki kwa wazee peke yao.

Mimi nililijua kabla sijajua kusoma. Wazazi wangu walitangulia mapema, nikachukuliwa na dada wa baba, mhudumu wa wodi ambaye baadaye alipanda akawa muuguzi msaidizi, enzi za sindano za kioo zilizochemshwa kwenye sufuria. Alinilea pamoja na binti yake, ambaye mpaka leo namwita dada. Akirudi kazini alivua viatu barazani na kumwambia jirani, "Leo nimempa mtu koramini," na jirani alijibu "Innalillahi" kabla hata hajauliza ni nani.

Alikuwa na namna yake ya kuitoa. Daktari akishaagiza, shangazi hakukimbilia sindano. Kwanza alimnawisha mgonjwa uso. Akamwinua kwa mto. Kisha akatoka nje, kwa ndugu waliokuwa wamekaa chini na masufuria yao ya uji, akawaita waingie, akawaambia: "Semeni sasa. Kulia baadaye." Alitueleza sababu tukiwa tunachambua mchele. Koramini inafungua mlango kidogo, na watu wetu wana tabia ya kuupoteza wakati huo kwa kwikwi, mpaka mlango unafungwa hakuna aliyeomba radhi wala aliyepewa.

Kwa hiyo mjini kwetu neno hilo lilitoka wodini likaingia mitaani. Mvua iliyonyesha mahindi yakiwa yamekwisha kukauka, ikayasimamisha majani kwa siku moja, iliitwa mvua ya koramini. Taa ya chemli ikiwaka ghafla kabla mafuta hayajaisha, mtu alisema imepewa koramini, akainuka kutafuta kibiriti. Na zaidi ya yote liliwahusu wasafiri. Mzee akiugua sana huku mwanawe yuko mbali, Mwanza au Kigoma au ng'ambo, kisha mwana huyo akafika na mzee akafumbua macho na kukaa kitako, watu walinong'ona mlangoni: "Koramini imefika." Hapo mwanamke mmoja aliondoka kimya kwenda kutafuta majamvi.

Shangazi alidai kwamba jambo lenyewe ni kongwe kuliko dawa. Bibi yake alimwambia kuwa wapagazi waliorudi kutoka pwani hawakuingia majumbani moja kwa moja. Walisimama pembeni mwa mji, wakatuma mtu mbele aulize kama ndani kuna mgonjwa anayewangoja. Akiwepo, msafiri alilala nje mpaka nyumba iseme iko tayari, kwa sababu anayengoja huishikilia roho kwa kule kungoja, na akishamwona aliyemngoja, huiachia. Sijalisoma hilo popote, nami nimesoma. Lakini mji wetu ulikuwa njia panda ya watu wanaokwenda na watu wanaobaki kuwangoja, na imani kama hiyo isingepata udongo mzuri zaidi.

Siku nilipoondoka kwenda chuo, shangazi alinisindikiza stesheni. Alinipa furushi la matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa, na chupa ya asali ya Sikonge. Nikainama kumwomba radhi, kama inavyotakiwa. Akakataa.

"Radhi sikupi hapa," alisema. "Mtu akipewa kila kitu stesheni, harudi. Utaikuta nyumbani."

Nilicheka. Nilikuwa kijana, treni ilikuwa imeshapiga honi. Lakini yatima akilelewa na mtu mmoja, radhi ya mtu huyo ndiyo mali yake yote, na mimi niliivusha bahari ikiwa bado haijawa yangu. Kila nilipopiga simu kutoka Maskati nilimwomba, kwa mzaha na si kwa mzaha, naye alijibu, "Iko hapa, ndani ya kabati. Njoo uichukue."

Mwaka nilioamua kurudi moja kwa moja, nyumba yangu ya njia ya Kipalapala ilikuwa imekwisha kuezekwa kwa vigae vyekundu ambavyo vinaonekana kabla hujaiona barabara. Nilikuwa naweka mambo sawa taratibu. Ndipo mtu wa Tabora niliyekutana naye sokoni kule Maskati akanishika mkono akasema, "Pole na mgonjwa." Mgonjwa yupi? Nikampigia dada. Akasema mama anaendelea vizuri. Nikamwambia nataka kuongea naye, akasema amelala. Kesho yake akawa amelala tena. Dada yangu hajui kudanganya. Akidanganya sauti yake huwa nzuri mno.

Nilikuja na mashine ya oksijeni, ile inayovuta hewa chumbani na kuichuja. Siyo kila anayetoka Uarabuni anarudi na kitu cha maana; wengine hurudi na mazulia. Mimi nilijua kutoka kwa mtu wa sokoni kwamba moyo wa shangazi ulikuwa umechoka, maji yanamjaa mapafuni, na daktari amewaruhusu wakae naye nyumbani, akasema oksijeni ikipatikana itampunguzia taabu. Nikaichagua mwenyewe, nikaibeba kama yai mpaka mlango wa nyumba niliyokulia. Nikavuta pumzi ili nipige hodi.

Dada alitoka kama aliyekuwa amesimama nyuma ya pazia. Akaniziba mdomo kwa ncha ya khanga yake.

"Nyamaza! Shusha sauti."

"Dada, mimi huyu, nimetoka..."

"Najua ulikotoka. Atakusikia."

"Si ndiyo nimekuja anisikie?"

"Ndiyo maana nakwambia nyamaza."

Akanivuta mpaka upande wa pili wa mtaa, barazani kwa mzee fundi cherehani. Pale, huku ananipangusa vumbi begani kama mtoto, akaniambia yote. Shangazi alikuwa amekataa kula. Kitu kimoja tu kilikuwa kinamwinua. "Akiamka anauliza, baba yangu kafika? Namwambia bado, mama. Akisikia bado, anakunywa uji apate nguvu za kungoja. Siku akisikia umefika, atakunywa uji wa nini?"

Shangazi aliniita baba tangu utotoni, kwa kuwa nimefanana na baba yake.

"Wewe ndiye koramini yake," dada akasema. "Na mimi sijawa tayari kumpa."

Hapo stashahada yangu iliamka. Nilimweleza kwa kunong'ona, na kunong'ona ni kugumu kwangu, kwamba koramini ni dawa iliyoondolewa, kwamba mtu si dawa, kwamba mgonjwa wa moyo haishi kwa kuambiwa bado, anaishi kwa dawa ya kupunguza maji na kwa oksijeni, na oksijeni hii hapa. Nikaligonga boksi kwa kidole.

Dada akalitazama boksi, akanitazama mimi.

"Mashine ipite," akasema. "Wewe kaa nje."

Nikamfundisha kuitumia palepale barazani: wapi pa maji, wapi pa mpira wa pua, kitufe kipi kisiguswe. Akaibeba akavuka nayo mtaa. Nikabaki nimeshika boksi tupu.

"Shikamoo, fundi," nikasema, kwa kuwa nilikuwa sijamsalimu.

"Marahaba, mwanangu. Karibu mkeka." Mzee yule alinifahamu tangu nikiwa natembea bila shati. Akakata uzi kwa meno, akaniangalia viatu. "Kumbe mashine zenu zina viza na ninyi hamna."

Nikawa nakuja asubuhi na kuondoka jua likizama. Wageni waliokuja kumjulia hali mgonjwa walinikuta kwa fundi, wakanisalimia kwa midomo bila sauti, kama watu wanaoongea nyuma ya kioo. Mama mmoja wa Sikonge aliyekuja na asali alitaka kunipigia vigelegele vya kurudi. Dada akamkimbilia na mwiko mkononi. Mtaa mzima uliingia katika njama ile. Hakuna aliyeona ni kichaa. Ni mimi peke yangu niliyeona, na ni mimi peke yangu niliyekuwa na cheti.

Dirisha la shangazi lilikuwa linaelekea mtaani, lina pazia la kijani. Niliisikia mashine yangu ikinguruma, nikajisikia vizuri. Nilisikia kikohozi chake. Kisha sauti yake, imekuwa nyembamba kama ya msichana: "Kafika?"

"Bado, mama."

Na halafu, kijiko kikigonga bakuli.

Sijapata kusikia kitu kilichonikata kama hiyo "bado", nami niko hapo, naweza kurusha kokwa la embe likaangukia kitandani kwake. Siku mbili tatu za kwanza niliona nguvu zimemrudia. Dada akitoka kumwaga maji, nilimnong'oneza kuvuka mtaa, "Oksijeni hiyo!" Naye alijibu bila sauti, kwa kuumba neno mdomoni: "Bado."

Ili nisiingie kwa nguvu, niliongea. Nilimweleza fundi habari za vigae, na jenereta linalojiwasha lenyewe umeme ukikatika, na jokofu la chanjo nililoagiza kwa ajili ya duka. Fundi alisikiliza huku anakanyaga cherehani. "Na hiyo nyumba ina baraza?" akauliza. Nikamwambia haina, ina ukuta na geti. "Basi ukiugua tutakaa wapi sisi?"

Siku nyingine nilimkamata dada kisimani, nyuma ya nyumba, nikamuuliza.

"Akiondoka hajanipa radhi, utanipa wewe?"

Dada aliweka ndoo chini. Alikuwa amekonda, nilikuwa sijamtazama vizuri kwa kumtazama kama kizuizi. "Wewe ukimwona, una nyumba yako ya kurudi," akasema. "Una duka. Mimi nina nini? Nina kuamka nikamkuta. Niachie kidogo."

Nilimbebea ndoo mpaka kizingitini, nikaishia hapo.

Ijumaa moja asubuhi nilifika mapema kuliko fundi. Nilikaa kwenye baraza tupu. Nikangoja lile swali la dirishani, nalo halikuja. Mashine ilikuwa inanguruma kama kawaida. Kisha mlango ukafunguka na dada akatoka na bakuli la uji, limejaa, limefanya ngozi juu. Hakunong'ona. Aliongea kwa sauti yake ya kweli, na kwa kuwa nilikuwa sijaisikia tangu nirudi, nilishtuka.

"Hakuuliza leo," akasema. "Ameniambia, nipeni koramini yangu, nimechoka."

Nilikuwa nimeitafuta ruhusa hiyo kwa hoja zote nilizonazo. Sasa ilipokuja nilibaki nimeshika ukingo wa baraza kwa mikono miwili.

"Mwambie bado," nikasema.

"Nimemwambia." Dada alikuwa analia bila kujifuta. "Amecheka."

Nilivuka mtaa. Nilivua viatu. Pazia la mlango lilikuwa lilelile la utoto wangu, na ndani mlinukia karafuu na mafuta ya nazi. Shangazi alikuwa amekuwa mdogo. Mpira wa oksijeni ulikuwa umekaa vizuri puani; dada alikuwa ameufunga kwa uangalifu kuliko wauguzi wengi niliowaona. Macho yalikuwa yamefumba.

"Bado sijanawa," shangazi akasema. "Subirini."

Dada akaleta beseni, akamnawisha uso. Mimi nikamwinua, nikaweka mto mwingine mgongoni. Tulifanya bila kuambizana, maana tulikuwa tumesikia utaratibu huo tangu tukiwa tunachambua mchele. Akafumbua macho. Akanitazama kwa muda, uso wake ukapata rangi, na akatabasamu upande mmoja, kama alivyokuwa akitabasamu nikileta ripoti nzuri ya shule.

"Baba."

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umenenepa." Akapumzika. "Sema sasa. Kulia baadaye."

Nikaanza. Nikamwambia nimerudi moja kwa moja, kwamba nyumba imekwisha, nimeezeka...

"Vigae nimesikia," akanikatiza. "Jenereta nimesikia. Jokofu nimesikia. Unamhubiria fundi kama uko mnadani. Sema kingine."

Dada akaacha kulia. "Mama, ulijua yuko nje?"

"Koramini yangu nilikuwa nainywa kidogo kidogo," shangazi akasema. "Ningeinywa yote kwa mara moja, wewe ungekasirika."

Nikatafuta kingine. Mtu kama mimi, mwenye mengi ya kueleza, nilitafuta nikakuta sina. Mwishoni nikamwambia kitu ambacho sijamwambia mtu, kwamba matobolwa aliyokuwa akinitumia Maskati kwa wasafiri sikuyala. Niliyaweka kwenye droo ya kazini, kati ya dawa, na wateja wakipungua nilifungua droo nikayanusa, nikafunga. Yalipata wadudu. Nikawa nayanusa na wadudu wake.

Alicheka, kikohozi kikamshika, nikamshika bega mpaka kikapita. Bega lilikuwa kama tawi la mpera.

"Shangazi, radhi," nikasema. "Ile ya kabatini."

"Hakuna kitu kabatini." Alikuwa anaongea kwa vipande, akipumua katikati. "Nilikupa pale pale. Treni ilipokata kona. Nilisema vile ili urudi. Miaka yote unatembea nayo, mjinga wewe, huna habari."

Akamwita dada akampa mkono mwingine. Aliongea naye pia. Hayo ni ya dada. Kisha akasema mto umezidi kuinuka, nikaushusha. Akalala.

Wanaume walipokuwa wanarudi kutoka sala ya Ijumaa, pumzi zake zikaanza kuachana. Dada alimsomea shahada sikioni, taratibu, mpaka midomo yake ikawa haiifuati tena. Baada ya hapo chumbani ilibaki pumzi moja tu, ile ya mashine.

Najua ambacho kingeandikwa na daktari. Moyo ule ulikuwa umefika mwisho, ningekaa kwa fundi au ningekaa kitandani, ungefika palepale. Ninaamini hivyo na nitaendelea kuamini, nimesomea. Lakini dada aliponitazama juu ya kitanda kile, hakusema nilikwambia. Aliuliza tu, "Umeona?" nami nikasema, "Nimeona," na mpaka leo hatujaulizana tulikuwa tunasema tumeona nini.

Akainuka akaanza kutoa viti vya sebuleni uani, ili majamvi yapate nafasi. Majirani waliingia bila kuitwa. Walikuwa wameelewa tangu waliponiona navuka mtaa asubuhi. Nami nilisimama pale, mtu mzima, sina kazi. Kuosha maiti ilikuwa kazi ya wanawake. Kaburi lilikuwa limekwisha kupata wachimbaji. Jikoni walinitoa kwa viwiko.

Dada akarudi mlangoni, amefunga khanga kiunoni.

"Hiyo mashine bado inanguruma," akasema kwa upole. "Sisi tunaogopa kuigusa. Izime basi, wewe ndiye unayeijua."

Nikainama. Nikamtoa shangazi mpira puani, nikaukunja kama unavyotakiwa kukunjwa. Nikabonyeza kitufe. Ikashusha pumzi ndefu, kama zinavyofanya zote, ikanyamaza, na ng'ambo ya mtaa nikasikia kwamba hata cherehani ya fundi ilikuwa imesimama.